Nani Alihesabu Fedha za Harambee?

Katika harambee, jina la mtoaji hutangazwa kwa kipaza sauti. Kiasi alichotoa hutajwa, watu hupiga makofi, na aliyewazidi wenzake hupewa nafasi ya kusema mawili matatu. Siku ya kununua saruji haina kipaza sauti. Kwa zaidi ya miaka 60 Wakenya wamechanga kwa namna hii, wakajenga shule, zahanati, makanisa na mabwawa, wakasomesha watoto na kuzika wafu wao. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mtoaji amejulikana na kila mtu, lakini matumizi yamebaki siri ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mambo hayakuanza hivyo. Yalifika hapo hatua kwa hatua.

Kabla ya uhuru: marika yashindana

Kazi ya kusaidiana ilikuwako kabla ya serikali yoyote kuipa jina. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu ngwatio, na jamii nyingine zilikuwa na desturi kama hizo. Mtu alilipa kwa jembe na jasho, akalipwa kwa jembe na jasho, na deni lilijulikana bila daftari.

Fedha taslimu ziliingia na siasa na elimu. Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilichangisha wanachama wake ili kumpeleka Jomo Kenyatta London kuwasilisha madai ya ardhi. Miaka iliyofuata, baada ya mgogoro na wamishonari, shule huru za Wakikuyu zilienea, nazo zilihitaji walimu. Ndipo mwaka 1939 chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Marika, yaani riika, yalishindana kukichangia: rika moja likitoa hiki, jingine halikubali kushindwa. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alikikuta chuo kikiendelea, na muda si mrefu akawa mkuu wake. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952 pamoja na shule nyingine huru, Hali ya Hatari ilipotangazwa.

Ushindani ule wa marika ni jambo la kukumbuka. Tangu siku hizo kutoa kulikuwa tendo la hadharani lenye heshima yake, na aliyetoa alitaka ijulikane ametoa. Hapakuwa na ubaya. Mtoaji alipita mbele ya jengo kila siku ya soko.

Wakoloni, katika siku zao za mwisho, walitunga Sheria ya Michango ya Umma mwaka 1960. Ilimtaka mtu anayekusanya fedha kwa wananchi apate leseni kwanza, na ikaipa serikali uwezo wa kudai hesabu ya kilichokusanywa. Uhuru ulipokuja, sheria hiyo ilibaki vitabuni. Haikuzuia lolote kati ya mambo yanayosimuliwa hapa chini.

1963: mawe, mchanga na macho ya majirani

Kenya ilipopata madaraka tarehe 1 Juni 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 zenye wanafunzi wapatao 30,000. Hazina haikuwa na fedha za kuziongeza haraka kama watu walivyotaka. Kenyatta aliinua mwito wa Harambee, neno likaandikwa kwenye nembo ya taifa, na wananchi wakalichukua kwa uzito kuliko serikali ilivyotazamia.

Makubaliano, ambayo hayakuandikwa popote, yalikuwa haya: nyinyi jengeni, sisi tutaleta mwalimu au muuguzi. Kwa hiyo vijiji vilianza kukimbizana na serikali. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson, waliochapisha utafiti wao kuhusu harambee mwaka 1977, walieleza jinsi jamii zilivyowahi kuanza ujenzi ili serikali isiwe na budi ila kuupokea. Serikali yenyewe iliona hatari hiyo mapema. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulitaka miradi ya kujitegemea iende sambamba na mipango ya taifa, isije ikajengwa zahanati isiyo na dawa. Vijiji havikusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na serikali.

Uwazi wa miaka hiyo haukutokana na sheria wala na wakaguzi. Ulitokana na aina ya mchango wenyewe. Wengi hawakutoa fedha. Wanawake walibeba maji na mchanga kutoka mtoni, wanaume walipasua mawe, na mwenye mshahara mjini alinunua mabati. Fundi akiezeka na mabati yakapungua, kijiji kizima kilijua yamepotelea boma la nani. Aliyesimamia mradi aliishi nyumba ya tatu kutoka kwako, na watoto wake walisoma shule hiyo hiyo.

Tusiipambe picha hiyo kupita kiasi. Kazi nyingi iliwaangukia wanawake, na asiyefika siku ya kazi alitozwa faini, wakati mwingine mbuzi wake akachukuliwa. Lakini kuhusu swali letu, yaani mchango umetumikaje, sidhani kama Kenya imewahi kuwa na mfumo ulio bora kuliko ule.

Ufa wa kwanza ulianzia juu. Ujumbe kutoka pande mbalimbali za nchi ulikuwa ukifika Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, ukiwa umebeba mchango wa hospitali ya kujitolea ya huko. Mtu wa mbali aliyechangia hospitali ya Gatundu hangepita mbele yake siku ya soko. Alichokuwa akinunua ni kitu kingine.

Miaka ya 1970: mgeni wa heshima

Kisha zikaja mbio za vyuo vya ufundi. Kila mkoa, na karibu kila jamii kubwa, ulitaka chuo chake: Western College kule Kakamega, Kimathi Institute kule Nyeri, Ramogi Institute kule Kisumu, vyuo vya Kiambu, Murang'a, Gusii, Ukambani na Pwani. Baadhi ya vyuo hivyo vilizaa matunda makubwa. Western College ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na Kimathi Institute ndicho leo Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi.

Ila kiasi kilichotakiwa kilikuwa kikubwa mno kwa mbuzi na mchanga. Fedha zilikusanywa kwa kukatwa kwenye mishahara, na katika maeneo ya kahawa zilikatwa kwenye malipo ya mkulima kabla hayajamfikia. Mchangiaji hakumjua mweka hazina. Chuo kilikuwa mbali, ujenzi ulichukua miaka, na uvumi ulijaza pengo lililoachwa na hesabu.

Wakati huo huo siasa ilikuwa imebadilika. Chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku mwaka 1969, na tangu hapo wagombea wote wa ubunge walitoka chama tawala cha KANU. Kwa kuwa hawakuweza kutofautiana kwa sera, walitofautiana kwa harambee. Mbunge alipimwa kwa kile alicholeta. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alisifika nchi nzima kwa michango yake mikubwa, na mwaka 1974 alichaguliwa tena ingawa wakubwa hawakumtaka. Aliuawa Machi 1975.

Jambo jingine liliongezwa kimya kimya. Ripoti ya Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara. Kuanzia hapo ofisa mwenye mshahara unaojulikana angeweza kutoa mchango unaoupita mshahara wake mara kadhaa, na jibu likawa tayari: ana biashara.

Hapo ndipo mgeni wa heshima alipozaliwa. Zamani kijiji kilichanga na mgeni akaongezea kidogo. Sasa mgeni alileta sehemu kubwa, pamoja na bahasha "kutoka kwa marafiki zangu," nao wanakijiji wakawa watazamaji wa kupiga makofi. Mtu ambaye hakutoa chake hana nguvu ya kuuliza. Na mgeni mwenyewe hakuwa na haja ya kuuliza, maana alichokifuata alikipata siku ile ile, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

1978–1991: chifu mlangoni

Daniel arap Moi alipoingia madarakani mwaka 1978, harambee ilikuwa tayari lugha ya siasa. Utawala wake uliifanya kuwa kazi ya ofisi. Machifu na manaibu wao walipewa kadi za kuuza na kiwango cha kufikia. Walimu walikatwa mishahara. Aliyefuata huduma kwenye ofisi ya serikali aliweza kuambiwa anunue kadi kwanza, na vijijini kuku na mbuzi walichukuliwa kwa wasiolipa. Mwaka 1983 mpango wa kuelekeza maendeleo wilayani uliiweka miradi, pamoja na ya harambee, chini ya kamati ambazo mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya.

Kwenye karatasi, huo ulikuwa usimamizi bora. Kwa vitendo, mkusanyaji, msimamizi na mwenye askari walikuwa mtu mmoja. Nani angemwomba Mkuu wa Wilaya risiti? Mchango wa hiari ukawa kodi, ila kodi isiyopita Hazina, isiyofika kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na isiyojadiliwa Bungeni.

Miaka ya 1990: bahasha na bili

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, ilianzisha ugawanaji wa gharama. Wazazi walibebeshwa zaidi gharama za shule, na wagonjwa wakatakiwa kulipa hospitalini. Harambee ikahama kutoka kwenye majengo kwenda kwenye bili: karo ya mtoto aliyefaulu, matibabu ya India, jeneza na usafiri wa maiti.

Wanaoandika kuhusu harambee hutaja siasa kuliko kitu kingine. Mimi naona badiliko hili la bili lilikuwa zito vilevile. Ukuta husimama, na anayetaka kuukagua atauona. Karo ikilipwa haionekani. Bili ya hospitali huishia kwenye dirisha la keshia. Kwa mara ya kwanza michango mingi ya Wakenya haikuacha kitu cha kutazamwa kwa macho, na karatasi pekee ndiyo ingeweza kusema fedha zilikwenda wapi. Mazoea ya karatasi hatukuwa nayo.

Vyama vingi viliporudi Desemba 1991, na uchaguzi ukaitishwa mwaka mmoja baadaye, fedha zilimwagika. Kundi la Youth for KANU '92, lililoongozwa na Cyrus Jirongo, liligawa noti hata wananchi wakaipa noti ya shilingi 500 jina la Jirongo. Ndio wakati ambao mabilioni ya kashfa ya Goldenberg yalikuwa yakitoka Hazina kwa kisingizio cha fidia ya dhahabu na almasi iliyouzwa nje, na mfumuko wa bei ukafuata.

Shirika la Transparency International tawi la Kenya baadaye lilipitia habari za harambee zilizochapishwa magazetini kati ya 1980 na 1999. Picha iliyojitokeza haikumshangaza aliyeishi humo: michango ya wanasiasa ilipanda kwa kasi miaka ya uchaguzi, 1992 na 1997, na Rais mwenyewe alikuwa miongoni mwa watoaji wakubwa. Tazama utafiti huo ulivyowezekana. Magazeti yalikuwa yameandika kila jina na kila kiasi kwa miaka 20. Utafiti kama huo kuhusu matumizi usingeweza kufanywa, kwa sababu hakuna aliyeandika.

2003: sheria yamfuata mkusanyaji

Serikali mpya ya muungano wa NARC iliingia kwa ahadi ya kusafisha. Mwaka 2003 iliunda jopo la kuchunguza michango ya umma, likiongozwa na Koigi wa Wamwere. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, ambayo ilikataza mtumishi kuigeuza ofisi yake kuwa mahali pa kuchangishia harambee, au kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe. Kadi za chifu zikapungua.

Isome sheria hiyo taratibu uone ilichoacha. Ilimzuia ofisa kukusanya kwa nguvu, lakini haikumkataza kutoa. Haikumuuliza fedha alizochanga alizipata wapi. Na kamati iliyopokea fedha haikuambiwa hata neno moja.

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, iliondoa sababu kubwa ya kuchangisha. Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge ukaundwa, ukitengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Angalau fedha hizo zilikaguliwa na ripoti zikachapishwa. Lakini mbunge aliyezoea kuwa mgeni wa heshima kwa fedha zake sasa alikuwa mgeni wa heshima kwa fedha za umma, na jina lake likapakwa rangi kwenye kuta za madarasa.

Mashirika: ripoti inapanda juu

Pembeni ya harambee kulikuwa na dunia nyingine ya hisani, ya mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyopata fedha hasa kutoka ng'ambo. Sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1990, Moi akiyashuku, na ikarekebishwa mwaka uliofuata baada ya mashirika kulalamika. Iliyataka yapeleke ripoti kwa Bodi ya mashirika hayo. Desemba 2014 Bodi ilifuta usajili wa mashirika 510, mengi kwa kutowasilisha hesabu.

Kwa hiyo karatasi zilikuwepo, tofauti na kwenye harambee. Tatizo ni zilikokwenda: kwa Bodi jijini Nairobi na kwa mfadhili Ulaya au Marekani. Mama wa Turkana ambaye picha yake ilichangisha fedha hizo hakuletewa nakala. Sheria mpya ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki Januari 2013, ikakaa bila kuanzishwa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru mwaka 2016 ianze kutumika. Ilianza tarehe 14 Mei 2024. Miaka 11!

Fedha zaingia simuni

M-Pesa ilianza Machi 2007. Miaka minne baadaye, ukame ulipotesa kaskazini, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, Safaricom Foundation, benki ya KCB na wamiliki wa vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya, wakilenga shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Mwenye shilingi 10 aliweza kuzituma. Lengo lilivukwa. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za mchanga na mawe, sehemu kubwa ya mchango mkubwa ilitoka kwa watu wadogo, na kila shilingi iliacha alama kwenye mtambo.

Harambee za kawaida nazo zilihamia kwenye vikundi vya WhatsApp. Unaijua orodha ile: namba, jina, kiasi, kisha mwingine anainakili na kuongeza lake chini. Ni kipaza sauti kile kile. Kijana wa leo, mwenye simu inayoweza kutoa taarifa ya kila muamala kwa dakika moja, bado huona orodha ya waliotoa mara 40 na orodha ya matumizi asiione hata mara moja.

Ndiyo maana mchango wa Juni na Julai 2024 ulishangaza. Baada ya maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, na watu kupigwa risasi tarehe 25 Juni, mwandishi mmoja kijana alichangisha mtandaoni kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa. Takriban shilingi milioni 30 zilipatikana kwa siku chache. Aliyekusanya alibanwa na wachangiaji tangu mwanzo, akawa anachapisha mtandaoni nani amelipiwa nini. Watu walibishana naye na walimuuliza maswali makali, jambo ambalo mweka hazina wa kawaida angeliita matusi.

2024–2025: madhabahuni

Kizazi hicho hicho kiligeukia makanisa. Kwa miaka mingi wanasiasa walikuwa wakipeleka mamilioni Jumapili, na mijadala kuhusu chanzo cha fedha hizo ilipamba moto William Ruto alipokuwa Naibu Rais. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubu mimbarini. Tarehe 5 Julai 2024, Bunge likiwa limevamiwa siku 10 kabla, Ruto akiwa Rais alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena harambee, akamwagiza Mwanasheria Mkuu aandae sheria. Mswada wa Michango ya Umma ukafikishwa Seneti, ukikusudia kuchukua nafasi ya ile sheria ya mwaka 1960.

Novemba mwaka huo Rais alitoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitoa taarifa yenye mchanganuo: shilingi 600,000 za kwaya na kundi jingine la parokia, milioni 2 za nyumba ya padre, na 200,000 kutoka kwa gavana wa jiji. Zote zirudishwe, alisema, akiutaja mswada huo ambao ulikuwa haujawa sheria. Basi lililoahidiwa nalo likakataliwa. Ulikuwa msimamo wa kijasiri, ingawa nao ulihusu mtoaji.

Machi 2025 Rais alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana walikwenda kuandamana huko, wakakuta polisi na gesi ya kutoa machozi.

Tangu 2003 tumebishana kuhusu nani atoe, atoe wapi na alizipata wapi. Hayo ni maswali ya haki, na majibu yake tunawadai wakubwa. Lile la matumizi halihitaji Seneti wala askofu. Ukialikwa kwenye harambee ijayo, ya karo, ya paa la kanisa au ya mgonjwa, tuma mchango wako, kisha mwombe mweka hazina aweke kwenye kikundi hesabu ya harambee iliyopita pamoja na risiti zake. Akinuna, wewe uliza tena.